Sura ya Tano: “Shetani Alinipitia”

Habari ya ubakaji inapotangazwa redioni, swali linaloulizwa sebuleni, kwenye daladala na kwenye vibaraza vya kahawa huwa karibu lilelile: mtu mzima mwenye akili timamu, mwenye mke na watoto, anayeheshimika msikitini au kanisani, anafikaje huko?

Majibu nayo hayachelewi. Mmoja atasema tamaa ilimzidi nguvu. Mwingine atasema ni pombe. Wa tatu atauliza binti alikuwa amevaa nini na alifuata nini kule usiku. Mhusika mwenyewe, akibanwa, husema shetani alinipitia. Majibu yote haya yana tabia moja: yanamwondoa mtendaji kwenye tendo lake, kana kwamba lilimtokea naye pia.

Kwa zaidi ya miaka 40, wanasaikolojia, yaani wataalamu wanaochunguza fikra, hisia na mienendo ya watu, wamelipeleka swali hili kwa wanaume wenyewe. Walichokipata ni kigumu kukisikia. Mwanamume anayelazimisha ngono, mara nyingi, ni mtu aliyejifunza kuamini kwamba kuna kitu anadaiwa na mwanamke. Matumaini yangu yote katika sura hii yako kwenye neno “aliyejifunza”, kwa sababu kinachofundishwa kinaweza pia kuachwa kufundishwa.

Tunazungumzia nini hasa?

Kulazimisha kingono ni kumwingiza mtu katika tendo la ngono asilolitaka. Watu wengi wakisikia hivyo huwaza mtu asiyejulikana, kichaka na kisu. Hali hiyo ipo, lakini ni mlango mmoja tu kati ya mingi:

- Nguvu: kumshika, kumpiga au kumfungia ndani.
- Vitisho: kumwambia utasambaza picha zake, au utamfukuza nyumbani.
- Mamlaka: mhadhiri anayeshikilia alama, bosi anayeshikilia ajira. Tanzania tunaiita rushwa ya ngono, na sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa kosa.
- Udhaifu wa wakati huo: kumwendea aliyelewa, aliyelala au mgonjwa.
- Shinikizo lisilokoma: kumlaumu, kumnunia na kumsumbua hadi akubali ili apate kupumzika.

Si kila kimoja kati ya hivi ni ubakaji mbele ya mahakama. Ila vyote vinakosa ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, ukiwa na akili zako, huku ukijua kwamba ungeweza kukataa bila kudhurika. Mtoto hawezi kuitoa.

Ndoa je? Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 haiwagusi wanandoa katika kosa la ubakaji, na ya Tanzania inamtaja mke aliyetengana na mumewe. Watafiti hawakuishia pale sheria ilipoishia. Waliwauliza wanaume kuhusu wake na wapenzi wao pia, na mara nyingi huko ndiko walikokuta matukio mengi zaidi kuliko kwa wanawake wasio wenzi wao.

Unamuulizaje mtu jambo asiloweza kulikiri?

Zamani watafiti walikwenda magerezani. Kasoro yake ni kwamba gerezani wapo wale tu walioshtakiwa, wakakamatwa na kuhukumiwa, na hao ni sehemu ndogo sana ya wote.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Koss, alipata njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukimuuliza mtu kama amewahi kubaka, atasema hapana. Kwa hiyo Koss aliliacha neno lenyewe, akaeleza tendo: umewahi kufanya ngono na mwanamke asiyetaka kwa kumtisha au kumshika kwa nguvu? Umewahi kumnywesha pombe hadi asiweze kukuzuia?

Utafiti wake uliochapishwa mwaka 1987 uliwahusisha wanafunzi 6,159 wa vyuo 32 vya Marekani. Karibu mwanamume 1 kati ya 13 alikiri kitendo ambacho kisheria ni ubakaji au jaribio la ubakaji. Wengi wao hawakukiona kuwa ubakaji. Na miongoni mwa wanawake waliobakwa, zaidi ya 8 kati ya 10 walimfahamu aliyewatendea.

Njia hiyo ilienea. Nchini Afrika Kusini, mtafiti Rachel Jewkes na wenzake waliwahoji wanaume 1,738 wa Eastern Cape na KwaZulu-Natal, matokeo yakatolewa mwaka 2009. Kila mmoja alijibu mwenyewe kwenye kifaa cha mkononi, ili asimtazame mtu machoni. Asilimia 27.6 walikiri kubaka. Mwaka 2013 yakafuata matokeo ya utafiti wa Umoja wa Mataifa kwa wanaume zaidi ya 10,000 wa nchi sita za Asia na Pasifiki. Hapo, karibu robo walikiri.

*Kwa ufupi: wanaolazimisha hawana alama usoni. Wengi wanajulikana na wanaowatendea, na wengi hawajioni kuwa wabakaji.*

Kama ni tamaa, mbona husubiri awe peke yake?

Turudi kwenye jibu linalopendwa kuliko yote, la tamaa. Ingekuwa kweli tamaa humzidi mtu nguvu hadi asijitambue, angelazimisha popote: sokoni, mbele ya baba mkwe, mbele ya polisi. Hafanyi hivyo. Huchagua mahali, saa na mtu. Humchagua asiye na nauli ya kurudi, asiyeweza kusema, au atakayeambiwa alijitakia. Mtu anayepanga namna hiyo anajitawala vizuri kabisa.

Ushahidi mwingine unatoka kwenye tofauti kati ya mahali na mahali. Katika utafiti ule wa Asia na Pasifiki, waliokiri kubaka walianzia 1 kati ya 10 nchini Bangladesh hadi zaidi ya nusu huko Papua New Guinea. Miili ya wanaume wa nchi hizo haitofautiani kiasi hicho. Kinachotofautiana ni malezi, vita walivyopitia, na kile jamii inachomruhusu mwanamume.

Watafiti wa huko waliwauliza waliokiri: kwa nini ulifanya? Kila mmoja aliruhusiwa kutaja sababu zaidi ya moja.

- Takriban asilimia 73 walitaja kwamba walimtaka, au waliona wana haki ya ngono hata bila ridhaa yake.
- Takriban asilimia 59 walitaja kujifurahisha au kuondoa uchovu wa kukaa bila shughuli.
- Takriban asilimia 38 walitaja hasira au kuadhibu.
- Takriban asilimia 27 walitaja pombe.

Itazame orodha hiyo tena. Pombe, inayotajwa sana vijiweni, imekuja mwisho. Iliyotangulia ni kujihesabia haki: imani kwamba mwili wa mwanamke ni stahiki ya mwanamume akishautaka, na hasa akishatoa kitu.

Imani hiyo tunaijua kwa sauti zetu wenyewe. “Nimemnunulia chipsi kuku, nimemlipia bodaboda kwenda na kurudi, halafu anajifanya hataki.” Wenzake wanacheka, wanamwambia ameliwa. Katika sentensi hiyo kijana anadai deni ambalo msichana hakulikopa. Chakula alichoalikwa kimegeuzwa mkataba, na kukataa kwake kumegeuzwa wizi. Kutoka hapo hadi kufunga mlango kwa komeo ni hatua fupi.

Mwaka 1981 mwanasaikolojia Neil Malamuth alikusanya matokeo ya tafiti ambamo wanafunzi wa kiume wa Marekani na Kanada waliulizwa kama wangeweza kubaka endapo wangehakikishiwa kwamba hawatakamatwa. Takriban asilimia 35 walikubali uwezekano huo, angalau kwa kiasi kidogo. Kukubali kwenye karatasi si kutenda, na hilo tulishike. Lakini majibu yale yalionyesha kwamba kwa baadhi ya watu, kinachozuia ni hofu ya kukamatwa, na mwanamke mwenyewe hayumo katika hesabu.

Njia mbili zinapokutana

Miaka kumi baadaye, mwaka 1991, Malamuth na wenzake, Koss akiwa mmoja wao, walieleza njia mbili zinazomfikisha mwanamume kwenye kulazimisha.

Njia ya kwanza ni uanaume wa uhasama. Huyu anawaona wanawake kama wapinzani: waongo, wenye hila, wanaotaka kumdhalilisha. Ni mwepesi wa kuhisi amedharauliwa, na kumtawala mwanamke humrudishia hisia ya kuwa mtu.

Njia ya pili ni kuichukulia ngono kama mchezo usiohusisha mtu. Wapenzi ni idadi ya kuhesabu mbele ya wenzake, na ukaribu au kujali havimo.

Kila njia peke yake ina hatari yake, lakini hatari hupanda sana zinapokutana kwa mtu mmoja: anayetafuta ngono nyingi zisizo na ukaribu, na wakati huohuo ana kinyongo na wale anaozitafuta kwao. Neno “hapana” kwake ni tusi linalodai jibu.

Baadaye Malamuth na wenzake waliona kitu kingine kinachopunguza hatari hiyo, nacho ni uwezo wa kuhisi anachohisi mwenzako. Miongoni mwa wanaume wenye sifa zote mbili, waliojali maumivu ya wengine walilazimisha kidogo kuliko wasiojali. Kwa hiyo mama anayemuuliza mwanawe wa miaka sita, “Unadhani mwenzio alijisikiaje ulipomnyang’anya?” anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Tabasamu lililosomwa vibaya

Mwaka 1982 mwanasaikolojia Antonia Abbey alifanya jaribio rahisi. Mwanamume na mwanamke wasiofahamiana walizungumza kwa dakika tano, huku mwanamume mwingine na mwanamke mwingine wakiwatazama bila kuonekana. Kisha wote wakaulizwa walichokiona. Kwa wastani, wanaume walimwona yule mwanamke kuwa mwenye kutongoza zaidi kuliko wanawake walivyomwona. Ukarimu wake ulisomwa kama mwaliko.

Hapa kwetu, ambako binti anafundishwa kumpokea mgeni kwa bashasha na kutomjibu mtu mzima kwa ukali, somo hili ni la kushika. Muuza duka, mhudumu wa hoteli na mwanafunzi mwenye adabu hutabasamu kwa sababu ndivyo walivyolelewa au ndiyo kazi yao.

Kusoma vibaya, hata hivyo, hakumlazimishi mtu yeyote kutenda. Aliyekosea kusoma anaweza kuuliza, na akiambiwa hapana, akaomba radhi na kuendelea na safari yake. Anayelazimisha husikia “hapana” na kuamua kwamba haihesabiki.

Pombe inaingia hapa. Nchini Marekani, karibu nusu ya matukio yaliyochunguzwa yalihusisha unywaji. Kwanza, kilevi hubana usikivu: mtu huona kile anachokitaka sana, na dalili za kukataliwa humpita. Pili, kinabeba matarajio. Watafiti waliwapa baadhi ya wanaume kinywaji kisicho na kilevi wakawaambia kina kilevi, na wapo waliobadilika kwa sababu tu waliamini wamekunywa. Wengine, kwa maneno mengine, hunywa wakiwa na kisingizio tayari. Na walevi wengi mno hulala nyumbani bila kumgusa mtu, jambo linalotuonyesha kwamba pombe huongeza moto mahali ambapo kuni zilishapangwa.

Hadithi zinazomlinda mtendaji

Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Martha Burt, alichapisha kipimo cha kile alichokiita dhana potofu kuhusu ubakaji, yaani imani zisizo za kweli zinazomlaumu aliyetendewa na kumtetea aliyetenda. Utaona huhitaji kwenda Marekani kuzisikia:

- Mwanamke mwema hawezi kubakwa.
- Akisema hapana anamaanisha ndiyo.
- Mavazi yake yalimwita.
- Kama kweli hakutaka, angepiga kelele.

Watafiti Diana Scully na Joseph Marolla waliwahoji wafungwa 114 wa Virginia, Marekani, waliohukumiwa kwa ubakaji. Wafungwa waliokana kosa walitumia hadithi hizihizi: alinitega, alitaka, alikuwa mwanamke wa namna ile. Waliokiri nao walikuwa na hadithi zao: pombe, matatizo, siku ile sikuwa mimi. Hakuna kundi lililolazimika kubuni utetezi wake. Jamii iliwapa ukiwa tayari, na sisi tunaorudia maneno hayo mtaani ndio tunaousambaza.

Hadithi ya kelele ina jibu la kitabibu. Mwili ulioshikwa na hofu kubwa unaweza kuganda: misuli inakaza, sauti haitoki, mtu anajiona kama yuko nje ya mwili wake. Utafiti wa Stockholm wa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 298 waliofika kwenye kliniki ya dharura baada ya kubakwa. Asilimia 70 walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Kimya chao kilikuwa woga, na anayekiita kukubali anamdhulumu mara ya pili aliyekwisha kudhulumiwa.

Huanza mapema

Katika utafiti wa Afrika Kusini, karibu robo tatu ya waliokiri kubaka walianza kabla ya kutimiza miaka 20. Huko Asia na Pasifiki, zaidi ya nusu walianza wakiwa vijana wadogo. Sisi tunasubiri kuzungumza na mwanamume wa miaka 30, wakati jambo limeshaanza akiwa kidato cha pili.

Mapema zaidi ya hapo kuna majeraha ya utotoni. Wengi waliokiri kulazimisha walipigwa, walitelekezwa au walitendewa kingono wakiwa watoto. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana kuhusu utoto wao: karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wametendewa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Wavulana hao hatuwaoni, kwa sababu tumewaambia mwanamume halii.

Hapa tahadhari ni lazima. Wengi sana waliotendewa vibaya utotoni hawamtendei mtu vibaya ukubwani. Historia ya mtu inatusaidia kuelewa. Haimfutii kosa, na haituruhusu kumtazama mtoto aliyeumizwa kama mhalifu wa kesho.

Je, wanaorudia ni wengi? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 uliwakuta wanaume wachache waliohusika na matukio mengi. Uchambuzi mpana zaidi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wengi waliobaka wakiwa chuoni hawakuendelea kufanya hivyo mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kuwakamata walio sugu ni lazima, lakini hakutoshi. Malezi na mazungumzo yanawahusu wavulana wote.

*Kwa ufupi: kujihesabia haki, kinyongo kwa wanawake, marafiki wanaoshangilia na majeraha ya utotoni husukumana pamoja. Hakuna kimoja kinachoeleza kila kitu, na hakuna kinachomwondolea mtu wajibu wake.*

Kinachosaidia na kisichosaidia

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walipitia tathmini 140 za programu za kuzuia ukatili wa kingono. Nyingi zilikuwa semina fupi: mgeni anakuja, anazungumza saa moja, wanafunzi wanapiga makofi. Zilibadili maarifa kwa muda mfupi, lakini ni chache mno zilizoonyesha kwamba zilipunguza vitendo.

Zenye matumaini zilidumu kwa muda, ziligusa kundi zima, na nyingine zilizaliwa kwa jirani zetu. Stepping Stones, mafunzo yaliyoanzia Uganda miaka ya 1990, huwakutanisha vijana mara nyingi kuzungumza kuhusu mapenzi, pesa na heshima. Yalipojaribiwa Eastern Cape, wanaume walioshiriki waliripoti kufanya ukatili kidogo zaidi kwa wapenzi wao miaka miwili baadaye. SASA!, programu ya shirika la Raising Voices la Kampala, iliwatumia majirani wenyewe kuzungumza kuhusu matumizi ya nguvu ndani ya nyumba. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba ukatili wa kimwili kwa wanawake ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 52 ukilinganisha na maeneo yasiyofikiwa. Kwenye ukatili wa kingono mabadiliko hayakuwa wazi kiasi hicho, na hilo linatuambia kwamba ngono inahitaji kutajwa kwa jina lake badala ya kujificha nyuma ya neno “ugomvi”. Na katika makazi duni ya Nairobi, wavulana waliofundishwa kuhusu ridhaa na ujasiri wa kuingilia kati walibadili mitazamo yao, na wengi zaidi waliripoti kuzuia unyanyasaji walioushuhudia.

Tuanzie wapi nyumbani na mtaani?

1. Fundisha kuomba tangu utotoni. Mtoto asiyetaka kukumbatiwa na mjomba asilazimishwe. Hapo anajifunza kwamba mwili una mwenyewe.
2. Mpe mvulana nafasi ya kukataliwa. Akinyimwa, asikimbiliwe kutulizwa kwa kupewa. Kukubali kunyimwa ni stadi, nayo hukua kwa mazoezi.
3. Kata kamba kati ya pesa na mwili. Mweleze wazi: ukimwalika mtu chakula, umemwalika chakula.
4. Jadili pombe kabla hajaionja. Aliyelewa hawezi kukubali, basi.
5. Msikilize aliyetendewa. Usianze kwa kuuliza alivaa nini. Afikishwe hospitali haraka, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na nchini Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Jambo la mwisho ni kwa wanaume, hasa wale wasiomlazimisha mtu, ambao ndio wengi. Tafiti za vyuoni zinaonyesha kwamba wanaume hukadiria vibaya mawazo ya wenzao: kila mmoja hudhani yeye tu ndiye anayechukizwa na mzaha wa kulazimisha, kwa hiyo hucheka ili asionekane wa ajabu. Anayelazimisha husikia kicheko hicho na kukichukua kama kura. Kaka, umeshaujua msimamo wako. Useme kwa sauti pale kijiweni, kwenye kundi la WhatsApp, mbele ya wadogo zako, na huenda ukashangaa ni wangapi waliokuwa wakimsubiri mtu wa kwanza.